Kutu haingoji mvua

Imezoeleka miongoni mwetu kuamini kwamba gari likishajengewa kuta nne, likaezekewa bati na kufungiwa mlango wenye kufuli, basi limehifadhiwa. Imani hii ndiyo inayoyamaliza magari ya kale nchini mwetu, tena kimyakimya. Mwenye gari huogopa mvua na mwizi, lakini hewa ya usiku haiogopi. Ilhali kutu haihitaji tone la mvua. Chuma huanza kuliwa kwa kasi pale unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 60, na palipo na chumvi, kama ilivyo katika pwani yetu, hata kiwango hicho hakingojwi, kwa kuwa chembe za chumvi huvuta maji ya hewani na kuyatandaza juu ya chuma.

Nimelichimba suala hili kwa sababu limenifika nyumbani. Marehemu baba, aliyekuwa mwalimu mjini Mombasa, alituachia Peugeot 404. Kwa miaka mingi gari hilo limekaa Kisauni, ubavuni mwa nyumba ya kaka yangu mkubwa, likiwa limefunikwa turubai la plastiki kutoka paani hadi chini. Kaka alilifunika kwa mapenzi. Lakini turubai lisilopumua ni chungu chenye kifuniko: unyevu wa ardhi hupanda na kunaswa ndani yake, joto la mchana huugeuza mvuke, na baridi ya usiku huurudisha matone juu ya bati la gari. Mwezi Agosti kaka alinipigia simu. "Mdogo wangu," akasema, "amekuja mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Analitaka kwa kilo. Ukiwa hujalichukua mwaka ukiisha, nitampa." Nami nikamwambia, "Nipe muda nijenge, kaka."

Wapo watakaouliza kuna haja gani ya kutumia fedha za mshahara kulijengea nyumba gari lisiloweza hata kufika sokoni. Nawajibu hivi. Gari la 404, lililobuniwa kwa mkono wa Pininfarina wa Italia na kuanza kuuzwa mwaka wa 1960, ni sehemu ya historia yetu kama yalivyo majengo ya mawe ya Mombasa. Liliyashinda mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka wa 1953, mara nne: mwaka wa 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Walimu, madaktari na machifu walilithamini kwa sababu lilivumilia barabara ambazo magari mengine yalizisusia. Isitoshe, kwa kawaida taratibu zetu haziruhusu kuingizwa nchini gari kuukuu lililozidi umri wa miaka 8. Lililooza hapa, basi, si rahisi kuletewa mwenzake.

Tena gari hili halina fremu ya chini inayojitegemea. Mwili wake ndio mifupa yake. Vizingiti vya chini ya milango vikiliwa na kutu, gari huwa limevunjika mgongo, hata kama injini yake ingali inaitika.

Hapa naomba msomaji aniwie radhi niguse taaluma yangu kidogo. Nilipowaambia majirani kwamba ninajenga gereji, waliniuliza nimeajiri mafundi wangapi. Neno hili chimbuko lake ni kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kuweka mahali salama, nalo likatufikia kupitia Kiingereza likiwa na maana ya mahali pa kuwekea gari na pia pa kulitengenezea. Sisi Waswahili tukaichukua ile ya pili na kuiacha ya kwanza. Gereji kwetu ni nyundo, grisi na redio inayopiga kelele. Kwa hiyo nasema ninajenga banda la gari, ingawa neno banda nalo linawafanya mafundi wadhani kwamba kazi yenyewe ni ya kubabaisha.

Na kazi si ya kubabaisha, hasa huku Juja ninakoishi. Ardhi yetu ni ule udongo mweusi unaonata, ambao hufura wakati wa masika na kupasuka nyufa za kumeza mkono wakati wa kiangazi. Ukimimina zege juu yake, sakafu itavunjika, na hata isipovunjika, itanyonya maji kama utambi unyonyavyo mafuta ya taa. Tuliuondoa udongo huo hadi tukafikia tabaka gumu, tukajaza mawe na kuyashindilia, tukatandika mchanga laini, kisha karatasi nene ya plastiki ambayo kingo zake zimepandishwa hadi ukutani. Zege la milimita 100 likaja juu ya karatasi hiyo. Fundi alitaka kuiruka plastiki kwa hoja kwamba hakuna atakayelala humo. Nilisimama pale mpaka ikatandikwa. Kutoboka kwake mahali pamoja tu ni mlango wa unyevu kwa miaka yote ya banda hilo.

Kuta ni za mawe ya Ndarugo, mazuri kwa kuchongeka, lakini yana vitundu vingi na hunywa maji. Ndiyo maana safu ya kuzuia unyevu imewekwa milimita 150 juu ya ardhi ya nje, na paa limetokeza mbele ya kuta ili mvua isizipige. Mifereji hupeleka maji mbali, si kwenye msingi.

Adui anayesahaulika zaidi ni bati la paa lenyewe. Usiku wenye nyota bati hupoa kuliko hewa iliyo chini yake, likatoka jasho, na jasho hilo hudondoka juu ya gari alfajiri hata katika mwezi usio na mvua. Tumeweka dari ya mbao, na kati yake na bati pana nafasi ya kupitisha hewa.

Kuhusu matundu ya hewa, ushauri hauwi mmoja kwa nchi nzima, na hapa ndipo wengi wanaponakili wasichokielewa. Nyanda za juu hewa ya alfajiri huwa nzito kwa umande, lakini alasiri hukauka sana. Kwa hiyo matundu yangu, mengine chini na mengine juu katika ukuta wa pili, yana vifuniko vinavyofunguliwa adhuhuri na kufungwa kabla ya magharibi. Yote yana wavu mwembamba, kwani panya hupenda nyaya za umeme za magari ya kale. Utaratibu huo ukiupeleka Kisauni utaliangamiza gari, kwa sababu hewa ya huko ni nyevu mchana na usiku, na kufungua ni kukaribisha bahari ndani. Huko hufaa chumba kilichozibwa barabara, chenye mashine ya kufyonza unyevu.

Wapo pia wanaowasha jiko la gesi bandani wakidhani wanakausha. Kila kilo 1 ya gesi inapoungua hutoa zaidi ya kilo 1 na nusu ya maji, nayo yote huingia katika hewa ileile. Afadhali kununua kipimaunyevu kidogo cha kutundika ukutani na kukiangalia kila siku. Asilimia 50 au karibu na hapo yatosha. Ukishuka mno, mpira na ngozi za viti hupasuka.

Limebaki jambo moja ambalo fedha haiwezi kuliharakisha. Zege hupata nguvu yake kwa siku 28, lakini kukauka ni kitu kingine: mafundi huhesabu mwezi 1 kwa kila milimita 25, yaani miezi minne kwa sakafu yangu. Ilimiminwa mwishoni mwa Septemba. Kila Jumapili jioni nabandika kipande cha plastiki cha nusu mita sakafuni, nikakiziba kingo zote kwa utepe, na Jumatatu asubuhi nakifunua. Kikiwa na matone kwa ndani, sakafu ingali inapumua maji. Jumatatu iliyopita matone yalikuwepo, machache kuliko ya wiki iliyotangulia. Nimemwomba kaka anivumilie hadi mwisho wa Januari, na kwamba kwa sasa alivue gari lile turubai, alioshe chumvi ya chini kwa maji baridi ya bomba na kuliacha likauke kabisa kabla ya kulisogeza chini ya roshani. Kuhusu turubai amekubali. Kuhusu Januari, hajanijibu.