Likelemba: namna makuta kidogo inakuza biashara

Wandugu wanafunzi, wengi wetu tunalipiwa masomo na mama anayeuza sokoni. Kukopa benki ni vigumu kwake: benki inaomba dhamana, naye hana nyumba wala shamba kwa jina lake. Basi anakuzaje biashara? Kwa likelemba.

Tufanye hesabu. Wamama 10 wanapatana kutoa kila mmoja franka 5.000 kila juma. Jumla ni 50.000, na yote anapewa mmoja. Juma linalofuata ni zamu ya mwingine, mpaka wote wapate. Makuta haikuongezeka hata kidogo. Lakini mwenye 5.000 ananunua rejareja kwa bei ya juu, mwenye 50.000 ananunua kwa jumla, na ndipo faida inatoka.

Anayepokea wa kwanza ni kama amekopa. Anayepokea wa mwisho ni kama ameweka akiba, na hatari iko kwake. Wa kwanza anaweza kukimbia na deni. Ndiyo maana wanachagua watu wanaojuana, na mgeni anawekwa mwisho. Tena makuta yenyewe inaweza kupoteza nguvu. Mwaka 1993 zaire 3.000.000 za zamani ziligeuzwa kuwa zaire mpya 1 tu! Juu ya mambo kama hayo wengi wanapenda kuhesabu kwa dola.

Kwa hiyo mtaji wa likelemba ni uaminifu. Mtu mmoja akivunja zamu, wenzake 9 wanaumia, na watoto wao wanafukuzwa masomo. Nasi tunaoazimana vitabu, tujifunze kurudisha.