Mizani Imegoma, Mkanda Umelegea

"Dokta, mizani yako ni mbovu," aliniambia mhasibu mmoja, akiipanda kwa mara ya tatu. Miezi miwili alikuwa akishuka daladala kabla ya kituo chake na kutembea nusu saa, mwendo wa kuhema kidogo, siku tano kwa wiki. Mshale umegota kwenye kilo 80.

Mizani ilikuwa nzima. Hesabu ndiyo iliyomponyoka, mhasibu mzima. Mtu wa kilo 80 akitembea haraka kwa nusu saa huunguza takriban kalori 150. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kama 7,700. Gawanya: ni matembezi 51, zaidi ya wiki kumi, ndipo kilo moja itoke, tena kama mdomo haukuongeza kitu. Wake ulikuwa umeongeza. Akifika ofisini anajipongeza kwa soda ya mililita 350, ambayo peke yake ina kalori kama 150. Chai ya saa nne na maandazi yake hata hatujaigusa.

Mwili nao una ujanja wake. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, watu wa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Kwa mizunguko yao ungedhani wanateketeza nishati maradufu kuliko sisi wa viti vya kuzunguka. Lakini ukizingatia ukubwa wa miili, nishati yao ya siku ilikaribiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Pontzer anaona kwamba mwili unaotembea sana hubana matumizi kwingine, kama nyumba inayopunguza nyama ili ada ya shule ilipwe. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani unabana. Kwa wagonjwa ninaowaona, si hadithi.

Basi tukae? Nilimwomba anionyeshe mkanda. Alikuwa ameukaza tundu moja zaidi bila hata kulifikiria. Mafuta yanayozunguka ini na utumbo ndiyo yanayochochea kisukari na presha, na mazoezi huyapunguza hata mshale usipocheza. Misuli inayofanya kazi pia hunyonya sukari kwenye damu, ndiyo maana nawasumbua watu watembee dakika kumi baada ya chakula cha mchana. Na aliyekwisha kupungua kwa kurekebisha sahani, mazoezi humsaidia kilo zisimrudie. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Bwana huyu alikuwa ameshafika.

Tukakubaliana: matembezi yaendelee, soda iwe maji, mizani aisahau mwezi mzima na apime kiuno kwa utepe wa fundi cherehani. Mlangoni akageuka.

"Na maandazi, dokta?"

"Andazi moja," nikamwambia. "La ukubwa wa kawaida."