USIUZE SAMAKI KABLA HUJAULIZA ATAKAA NA NANI

Nauza samaki wa mapambo mtandaoni, niko Nachingwea. Mteja wa Ruangwa aliona picha, akalipia multi sita na neoni kumi. Nikamtumia wote. Wiki ya pili neoni wameisha. Nikarudisha hela, faida yote ikaenda.

Kosa langu. Multi ni sikilidi mdogo wa Ziwa Tanganyika, hafiki hata sentimita 6, analala kwenye maganda matupu ya konokono. Anataka maji magumu, pH 8 hadi 9. Neoni asili yake mito ya Amazon, anataka maji laini. Halafu multi ni mdogo ila mkali, ukisogelea ganda lake anakufukuza.

Siku hizi kabla sijapokea hela nauliza: Tangi lita ngapi? Kuna samaki gani? Maji ya kisima au ya mvua? Ya mvua ni laini, multi hayamfai.

Tangi dogo, nauza multi peke yao, na maganda yazidi idadi ya samaki. Tangi kubwa, naongeza sipricromisi: naye wa Tanganyika, anaogelea juu, hagombanii maganda.

Bora ukose oda moja kuliko kumpoteza mteja. Wewe unamuuliza nini mteja kabla hujatuma mzigo?