Sanduku la fyuzi si la kuwekwa popote

Msomaji, huenda wewe ni mmoja wa wale wanaofanya kazi Mombasa au Nairobi huku nyumba ikiinuka polepole nyumbani, tuseme kule Njukini, kwenye barabara itokayo Taveta kuelekea Illasit. Umetuma pesa za mawe, ukatuma za mabati, na sasa umefikia nyaya. Jioni moja fundi wa stima anakupigia simu: "Bosi, hili sanduku la fyuzi nilifunge wapi?" Nawe umo ndani ya matatu, kelele ni nyingi, unamjibu: "Wewe ndiye fundi. Weka popote, bora tu lisionekane."

Jibu hilo fupi laweza kugharimu maisha ya mtu wa nyumba yako. Ndiyo maana jambo ambalo wengi huliona kuwa la mafundi peke yao limeletwa leo katika ukurasa wa afya.

Sanduku la fyuzi ndilo lango la stima yote ya nyumba. Humo ndimo mnamokaa swichi kuu na zile swichi ndogo zinazojikata zenyewe nyaya zinapozidiwa. Siku ya hatari, mtu akiwa ameshikwa na waya au moshi ukifuka sebuleni, kila mtu nyumbani anapaswa kulifikia kwa sekunde chache, hata gizani.

STIMA HUFANYA NINI MWILINI?

Stima ya nyumbani nchini Kenya ni ya volti 240. Lakini kinachoua ni kiasi cha mkondo unaopita mwilini, nacho hupimwa kwa miliampia. Miliampia 1 huhisiwa kama mtekenyo. Zikifika kama 10, misuli ya mkono hukaza na mtu akashindwa kuuachilia waya alioushika. Zikipita 30, pumzi yaweza kukatika. Zikifika kati ya 50 na 100, moyo waweza kuacha kupiga kwa mpango na kubaki ukitetemeka tu, bila kusukuma damu.

Sasa linganisha: balbu ya zamani ya wati 60 hutumia miliampia 250. Yaani kiasi kinachowasha balbu moja chatosha kumuua mtu mzima.

Ngozi kavu huuzuia mkondo kwa kadiri fulani. Ngozi iliyolowa, pamoja na miguu mitupu juu ya sakafu ya saruji yenye maji, huufungulia njia. Kumbuka hilo tunapoendelea.

MAHALI PASIPOFAA

Kwanza ni bafuni na chooni. Kanuni za umeme za Marekani zinakataza kabisa kuweka masanduku haya katika bafu za nyumba za kuishi. Sababu ni nyepesi kuelewa: mtu aliyelowa hapaswi kukaribia swichi kuu, na mvuke huzila shaba na chuma cha ndani mpaka viungo vikalegea.

Pili ni ndani ya kabati la nguo au stoo iliyojaa vitu. Waya uliolegea kwenye skrubu yake hupata joto, na joto hilo laweza kuendelea kwa miezi bila mtu kujua. Huko Njukini, ambako stoo ndiyo ghala la mahindi, magunia matupu, na pengine mtungi wa mafuta ya taa, cheche moja yatosha. Kanuni hizo za Marekani zinakataza pia kuliweka karibu na vitu vinavyoshika moto upesi, na kulifunga juu ya vidato vya ngazi, ambako mtu anayelihudumia aweza kuteleza.

Tatu ni jikoni, juu ya jiko au karibu na sinki. Mafuta ya kupikia, moshi na mvuke huganda juu ya swichi. Nne ni ukuta wa nje usio na kinga ya mvua, isipokuwa sanduku lenyewe limetengenezwa kwa kazi hiyo.

Usidhani haya ni matatizo ya vijijini tu. Uingereza ilichoshwa na mioto iliyoanzia kwenye masanduku ya plastiki, hata kuanzia Januari 2016 kanuni zake zikataka masanduku mapya ya nyumbani yawe ya kitu kisichoshika moto, kwa kawaida chuma, au yafunikwe kwa kitu cha aina hiyo. Ukienda dukani Voi au Mombasa, uliza la chuma.

MAHALI PANAPOFAA

Chagua ukuta mkavu wa ndani, karibu na mlango wa kutokea. Ukikata stima hapo, hatua inayofuata ni kutoka nje. Mbele yake pawe wazi: Wamarekani hudai nafasi ya sentimita 91 kwenda mbele na 76 kwa upana, na swichi zisizidi mita 2 kutoka sakafuni. Nchini Uingereza, mwongozo wa nyumba mpya hutaka swichi ziwe kati ya mita 1.35 na 1.45 kutoka chini.

Kimo hicho ni cha busara. Mtoto mdogo hafiki kwa urahisi, lakini nyanya yako hahitaji kupanda kiti. Wengine huwaogopea watoto, wakafunga sanduku kwa kufuli. Msomaji, siku mtu atakaponaswa na waya, ufunguo utakuwa umeenda sokoni. Mfuniko unaofungika bila ufunguo watosha.

Tahadhari nyingine ni kuhusu kile kidude cha kuingizia tokeni. Katika nyumba nyingi meta yenyewe iko juu ya mlingoti nje, na kidude kilichomo ndani ni cha kubonyeza namba tu. Kukichomoa hakukati stima. Wafundishe watu wa nyumbani tofauti hiyo.

Mwulize fundi pia kama ameweka waya wa kwenda ardhini na ile swichi inayokata stima inapovuja. Ya kulinda watu hukata mkondo unaovuja ukifika miliampia 30, kabla moyo haujavurugika. Ni muhimu zaidi ikiwa una hita ya kuogea. Swichi hiyo ina kitufe cha kuijaribu. Kibonyeze angalau mara mbili kwa mwaka. Isipojikata, imeharibika.

NANI AFANYE KAZI HII?

Kwa sheria ya Kenya, anayefunga nyaya za nyumba lazima awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli. Mwombe akuonyeshe leseni kabla ya kumlipa, na cheti cha kazi baada ya kumaliza. Aliyejifunza kwa kumtazama jirani ni wa bei nafuu siku ya kwanza tu.

Nawe mpangaji wa mjini, usiku wa leo tafuta sanduku lako. Je, kuna kabati mbele yake? Je, swichi zimeandikwa ipi ni ya soketi na ipi ni ya taa? Ukiona alama nyeusi, ukisikia mlio au harufu ya plastiki iliyoungua, usiguse. Mwambie mwenye nyumba alete fundi.

MTU AKIPIGWA NA STIMA

Usimshike. Wengi hufa kwa kumkimbilia ndugu kwa mikono mitupu. Kata swichi kuu kwanza. Ikishindikana, simama mahali pakavu, mtenge na waya kwa fimbo kavu ya mbao. Ikiwa ni nyaya za mlingoti, kaa mbali kabisa, na uwapigie simu watu wa kampuni ya umeme.

Akiwa hapumui, mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua na ubonyeze kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usiache mpaka msaada ufike au apumue. Kidonda kipoeze kwa maji safi baada ya stima kukatwa. Usipake dawa ya meno wala mafuta.

Hata akiinuka na kusema hana neno, mpeleke hospitalini. Stima huunguza nyama za ndani huku ngozi ikionyesha alama ndogo tu, na moyo waweza kubadilika mapigo baadaye. Kutoka Njukini, hospitali ya karibu ni ile ya Taveta. Ile ya rufaa ya kaunti, Moi, iko Voi, zaidi ya kilomita 100 kutoka Taveta. Kwa mtu ambaye moyo umesimama, umbali huo ni mrefu mno. Kitakachomwokoa ni mkono utakaoifikia swichi kwa wakati.

Kwa hivyo mpigie fundi wako simu tena. Mwambie asilifiche sanduku. Mwambie alifunge karibu na mlango, mahali pakavu, pale ambapo mama yako ataliona.