Manowari ya Ziwa Nyasa iliyopigwa bila kujua kuna vita

Ukipanda meli Kyela kwenda Mbamba Bay, njiani utapita Liuli. Ni bandari ndogo tu, watu wanashuka na mizigo yao, safari inaendelea. Lakini hapo ndipo manowari pekee ya Wajerumani katika Ziwa Nyasa ilipopigwa mwaka 1914, huku nahodha wake akiwa hana habari kwamba vita imeanza.

Ilifikaje ziwani?

Meli hiyo iliitwa Hermann von Wissmann, jina la ofisa wa Kijerumani aliyechangisha fedha za kuijenga. Sababu iliyotolewa ni kupambana na biashara ya watumwa. Ililetwa vipande vipande kupitia mito ya Zambezi na Shire. Palipo na maporomoko, wapagazi walibeba vyuma kwa vichwa na mabega. Ikaunganishwa na kuingia kazini mwaka 1893.

Kwa miaka kama 20 hivi ilikuwa na kazi mbili: kubeba watu na mizigo, na kuonyesha mzinga wa serikali ya kikoloni pwani ya kaskazini, ambako Wajerumani walijenga kituo chao cha Langenburg.

Agosti 13, 1914

Uingereza iliingia vitani Agosti 4. Upande wa Nyasaland, Malawi ya leo, taarifa ilifika mapema kwa simu ya maandishi. Kapteni Rhoades wa manowari ya Kiingereza, Guendolen, akapewa amri: itafute Wissmann uimalize.

Aliikuta Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhaven, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Mizinga ikaanza kulia. Makombora ya kwanza yalikosa, baadaye moja likapata.

Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades, walizoea kunywa pamoja. Inasimuliwa kuwa alirukia mtumbwi, akapiga makasia hadi Guendolen na kumuuliza kwa hasira kama amelewa. Akaambiwa nchi zao zinapigana, na yeye sasa ni mateka. Waingereza wakaondoka na mzinga na vipuri muhimu vya meli.

Kwa nini lilikuwa jambo kubwa?

Zama hizo barabara za magari hakuna. Mwenye meli ndiye mwenye ziwa. Baada ya hapo Waingereza walisafirisha askari kwa maji hadi Karonga bila bughudha. Wajerumani wa Neu-Langenburg, yaani Tukuyu, ilibidi watembee kwa miguu, wakavuka mto Songwe na kuishambulia Karonga Septemba 9. Walishindwa.

Mei 1915 Waingereza walirudi tena Liuli kuishambulia Wissmann, kuhakikisha Wajerumani hawaifufui. Mwaka uliofuata majeshi yao yakaingia Tukuyu.

Kwa hiyo meli iliyokaa ziwani miaka zaidi ya 20 haikushindwa kwa udogo wa mzinga wake. Ilishindwa kwa sababu taarifa iliwahi kufika upande mmoja. Na waliolipa zaidi ni wenyeji wa pande zote mbili za Songwe, waliobebeshwa mizigo na bunduki katika ugomvi usiokuwa wao.

Siku ukipita Liuli, lichungulie lile jiwe kubwa karibu na maji. Ndilo lililowafanya Wajerumani wapaite Sphinxhaven, kwa kulifananisha na sanamu maarufu ya Misri.