Jasho si Kipimo

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu akitoka jasho jingi juu ya baiskeli, basi nguvu zake zimeongezeka. Mimi pia nilidhani hivyo. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini fikira hiyo yaweza kutupoteza, na jinsi mtu awezavyo kuujua ukweli kwa saa, daftari na hesabu kidogo.

Shuleni kwetu tuna baiskeli moja isiyokwenda. Imesimama juu ya miguu ya chuma katika chumba kilicho karibu na karakana ya useremala. Gurudumu lake la mbele ni zito, nalo limezungushiwa mkanda. Ukiukaza mkanda, kukanyaga pedali huwa kugumu. Ukiulegeza, huwa rahisi. Na kipimo kilicho mbele huonyesha kwa kilo jinsi mkanda unavyovuta. Siku za masika, barabara zinapokuwa tope tupu, sisi waendeshaji hufanya mazoezi yetu humo.

Mwaka 1954 Wilhelm von Döbeln wa Uswidi alieleza muundo wa baiskeli ya namna hii. Mwaka uo huo Per-Olof Åstrand na Irma Ryhming, wataalamu wa Stockholm, walitoa njia ya kupimia siha ya mtu kwa baiskeli. Njia hiyo ingali ikitumika hata leo.

Mtihani wenyewe ni huu. Weka mkanda kwenye kilo unazoziweza, tuseme kilo 2. Kanyaga kwa dakika 6, mguu wa kulia ukishuka mara 50 kila dakika, bila kuzidisha wala kupunguza. Rafiki yako ashike saa, na katika dakika ya 5 na ya 6 ahesabu mapigo ya moyo wako. Yafaa mapigo yawe kati ya 120 na 170 kwa dakika; yakiwa nje ya hapo, badilisha kilo, upime tena siku nyingine.

Kazi uliyoifanya twaweza kuihesabu. Katika baiskeli za Monark, kila pedali inapozunguka mara moja, ukingo wa gurudumu husafiri meta 6. Mizunguko 50 ni meta 300 kwa dakika. Kwa kilo 2, hiyo ni karibu wati 100, yaani nguvu ya taa moja ya umeme ya zamani.

Je, mapigo ya moyo yatuambia nini? Misuli ikifanya kazi huhitaji oksijeni, na damu ndiyo mchukuzi wake. Moyo uliozoea mazoezi husukuma damu nyingi kwa kila pigo. Kwa hiyo kwa kazi ile ile hupiga mara chache zaidi. Moyo usiozoea hauna budi kupiga upesi. Basi, ikiwa kazi haikubadilika na mapigo yamepungua, umeendelea kweli.

Sasa nisimulie yaliyonipata. Mwaka jana niliugua malaria, nikalala kitandani wiki mbili. Nilipopona, mashindano ya baiskeli ya shule za wilaya yalikuwa yamebaki wiki saba. Rafiki zangu waliniambia kwamba sasa mimi ni mzima kabisa. Kila jioni nikapanda ile baiskeli na kukanyaga kwa nguvu zote mpaka shati likalowa. Nikafurahi.

Baada ya juma moja mwalimu wetu wa michezo aliniita nipimwe. Mapigo yalikuwa 164. Kabla ya kuugua, daftari langu lilionyesha 138 kwa kazi iyo hiyo. Nilikasirika, nikasema saa ni mbovu. Mwalimu hakunigombeza. Siku ya pili alileta saa yake mwenyewe, nasi tukapata 162. Akaniuliza, "Je, kijana, na saa yangu pia ni mbovu?"

Alinipeleka hospitali. Daktari alipima damu yangu akaona imepungua sana, kwani malaria huharibu chembe nyekundu za damu, nazo ndizo zichukuazo oksijeni. Alinipa dawa, akanikataza mazoezi makali kwa wiki mbili. Baadaye nilianza kukanyaga pole pole, nikipimwa kila Jumamosi: 155, 149, 143, na mwisho 139. Katika mashindano sikushinda. Nilikuwa wa tano. Lakini nilimaliza mbio, nikarudi nyumbani mzima.

Kwa walio wazima na waliozoea, uko mtihani mwingine. Baiskeli nyingi za siku hizi huonyesha wati zenyewe. Pasha mwili moto vizuri, kisha kanyaga dakika 20 kwa nguvu kubwa uwezayo kuishika sawasawa. Chukua wastani wa wati, uzidishe kwa 0.95. Mwenye wastani wa wati 200 hupata 190, na hicho ni kadiri ya kiwango awezacho kukishika kwa muda wa saa moja. Siku za mazoezi mepesi asipite robo tatu yake, yaani wati 142 hivi. Siku za mazoezi makali akaribie 190. Arudie mtihani baada ya wiki nne au sita. Anayeanza kwa pupa huishiwa nguvu katikati, na hesabu yake haifai kitu.

Tena yapasa kila mtihani ufanane na uliotangulia: saa ile ile, kiti kwa urefu ule ule, si mara baada ya kula wala kunywa kahawa. Fungua madirisha, kwani ndani hakuna upepo wa kukupoza, na joto huongeza mapigo. Mwenye homa asipimwe kabisa. Wala usishindane na jirani yako kwa mapigo, maana mioyo ya watu haifanani hata wakiwa wa umri mmoja. Jilinganishe na wewe mwenyewe wa mwezi uliopita.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nguvu za mwili nazo ni mali. Zangu zilikuwa zimepotea, nami sikuwa na habari, mpaka daftari liliponiambia.