Manda, Nyama na Mafuta: Biashara ya Sambusa Kisiwani Pemba

Sambusa ya nyama ni miongoni mwa vitafunio vinavyouzwa sana jioni katika miji ya Chake Chake, Wete na Mkoani, lakini malighafi yake kuu, yaani unga wa ngano, huletwa kwa vyombo vya baharini, kwa kuwa ngano hailimwi Zanzibar. Chakula chenyewe nacho kilikuja kwa njia ya biashara: asili yake ni Uajemi, mapishi yake yamo katika kitabu cha upishi cha al-Baghdadi cha mwaka 1226, na msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye alieleza namna ilivyoandaliwa katika kasri la sultani wa Delhi. Siopao ya Ufilipino, mkate wa nyama uliopelekwa huko na Wachina wa Fujian, ilienea vivyo hivyo, isipokuwa huiva kwa mvuke, si kwa kukaangwa kama sambusa. Tofauti hiyo ina uzito katika lishe, kwani gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9 ilhali ya wanga au protini hutoa 4, na sambusa iliyotiwa katika mafuta yasiyopata moto vizuri huyanywa kwa wingi.

Kazi kubwa iko katika manda, yaani karatasi nyembamba za unga zinazofungiwa nyama. Madonge husukumwa, hupakwa mafuta na kunyunyiziwa unga, hupangwa tabaka juu ya tabaka, husukumwa tena pamoja, huchomwa kidogo juu ya chuma, kisha hubanduliwa moja moja zikiwa bado za moto na kukatwa vipande virefu. Wapo wanawake wanaouza manda peke yake, na bei yao ndiyo kipimo cha haki cha kazi hii, kwa sababu muuzaji anayejumlisha unga, nyama, vitunguu na mafuta tu huwa ametoa nguvu zake bure.

Nyama huleta madini ya chuma na vitamini B12, na ndimu inayokamuliwa juu yake husaidia mwili kuyafyonza madini hayo; nyama inapopanda bei, viazi huchukua nafasi yake, na faida hiyo ya lishe hupungua.

Mwezi wa Ramadhani mahitaji yote hukusanyika katika saa chache kabla ya futari. Tangu waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika Pemba mwaka 2010, mwenye friza anaweza kutengeneza manda mwezi wa Shaabani na kuzigandisha, akaigawa kazi hiyo katika wiki kadhaa.